Nafasi ya Adalbert

Ubao wa sakafu ulilia mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Évariste Mugisho, mwalimu mstaafu, aliacha kupiga akordeoni yake. Ilikuwa Alhamisi, saa kumi alasiri, Machi 1999, katika ukumbi wa parokia kule Ibanda. Mazoezi ya ngoma yalifanyika mapema ili watu wafike nyumbani kabla askari hawajafunga barabara. Wanawake wanne walikuwa mstari mmoja, wanaume watatu wakiwaelekea. Mbele ya Olive palikuwa patupu. Mumewe, Adalbert, aliteremshwa na askari kutoka kwenye lori huko Miti, nje ya mji, wiki sita zilizopita, na hakuna ofisi iliyokubali kusema yuko wapi.

Ngoma yenyewe ilitoka mashambani Uingereza. Évariste alifundishwa na mwalimu wake Mwingereza, Mademoiselle Harriet Colby, enzi za ukoloni, mji huu ulipokuwa ukiitwa Costermansville. Kila zamu ya wimbo, mwanamume na mwanamke hushikana mikono, huzunguka, kisha hushuka nafasi moja kuelekea mlangoni. Mademoiselle alimsimulia na chanzo chake: kijijini kwao, baada ya vita vya zamani kati ya mfalme na bunge, wanawake waliwaachia waume wasiorudi nafasi zao mstarini. Nafasi zilijazwa, lakini si na waume. Wanawake wale walishuka zamu kwa zamu, wakatoka mlangoni, wasionekane tena. Tangu hapo nafasi ya asiyekuwapo huwekwa kitu, hata ufagio.

Évariste aliijua kanuni hiyo tangu ujana. Aliyemshinda ni Olive.

“Papa Évariste, usiweke mutu pa fasi ya Adalbert. Ukiweka, ni kusema amekufa.”

“Hata ufagio, maman?”

“Bwana yangu iko ufagio?”

Philémon, mmoja wa wale wanaume watatu, alijaribu kuwachekesha. “Acha, Papa. Adalbert alikuwa anatukanyaga vidole. Huyu asiyeonekana anacheza muzuri kumupita.”

Hakuna aliyecheka. Mara tatu Évariste aliomba, mara tatu Olive alikataa, naye hakuwa na moyo wa kumlazimisha.

Alhamisi iliyofuata, wimbo ulipoanza tu, harufu ya udongo mbichi ilipanda, kama ya shimo lililochimbwa mvua ikinyesha, na Olive akainua mkono wa kuume, vidole vyake vikabanwa vikakunjamana kama vilivyoshikwa kwa nguvu, akazunguka, akashuka nafasi moja, akashuka ya pili, na Évariste akaacha kupiga lakini nyayo ziliendelea juu ya mbao, za Olive na zile nyingine, nzito, za mtu mwenye matope, mpaka zikabaki hatua tatu kufika mlangoni.

Mzee alitupa akordeoni, akakimbia, akasimama katika ile nafasi na kumshika Olive. Kwa kitambo alishika mikono miwili: mmoja wa moto, mmoja wa baridi na majimaji. Kisha ule wa baridi ukachomoka.

“Mbona umemufukuza?” Olive alinong’ona. “Alikuwa ananipeleka.”

“Ile haikuwa Adalbert, maman.”

“Ulimushika?”

“Nilimushika.”

“Alikuwa na kovu ya pasi, hapa pa kidole gumba?”

Évariste alikuwa ameligusa kovu hilo.

“Hapana,” alisema.

Olive hakumwamini.

Alhamisi ya tatu hakuja. Jirani zake wa mtaa wa Cimpunda walisema ametoka mchana wa Jumatano, bila mzigo. Mwuza makaa alikutana naye mbele zaidi, akienda Miti kwa miguu, mkono wa kuume umeinuliwa kidogo, na kila baada ya hatua chache alizunguka.

“Ningeuweka ule ufagio siku ya kwanza,” Évariste alisema kwa hasira, na hasira hiyo haikuwa ya mtu mwingine. Akatafuta mifagio miwili, akaiegemeza kwenye viti viwili, vinavyotazamana, katika nafasi ya Olive na ya Adalbert. Wenzake walisimama kila mtu mahali pake. Akafumba macho, akapiga zamu moja tu.

Alipoyafumbua, hakuna mtu aliyekuwa amethubutu kusogea. Viti na mifagio yake vilikuwa vimeshuka nafasi moja.