Aliyetunga Nyimbo za Solo

Kila siku mazoezi ya bendi yalipokwisha, Solo alirudi nyumbani, akala, akachukua gitaa lake na kuzunguka nyuma ya nyumba kuvuta bangi. Watu walimwita Solo kwa sababu alipiga gitaa la solo. Mkewe alibaki barazani na cherehani yake. Yeye aliitwa Mama Pacha, kwa kuwa uzazi wake wa kwanza ulikuwa wa mapacha. Alishona sare za shule, mashati ya bendi, na chochote alichopewa. Mguu ulikuwa kwenye kanyagio, lakini sikio lilikuwa nyuma ya nyumba.

Kutoka huko alisikia nyuzi mbili tatu zikigongwa, halafu sauti ya Solo. Mara nyingi ulikuwa mstari mmoja tu.

"Umeniacha njiani, njiani umeniacha."

Aliurudia. Akaucheka peke yake. Akaurudia tena, kama mtu aliyeokota dhahabu. Kisha kimya. Solo alikuwa amelala, mdomo wazi, gitaa kifuani.

Alasiri aliamka na macho mekundu.

"Mke wangu, leo nimeshusha kitu kizito. Umekisikia?"

"Nimekisikia."

"Basi nikumbushe. Kilikwendaje?"

Hapo Mama Pacha aliimba. Aliimba mstari ule, lakini hakuishia hapo. Wakati anashona alikuwa ameuweka sawa. Alikuwa amepunguza maneno yaliyozidi, akaongeza beti mbili na kibwagizo cha kuitikia. Solo alisikiliza huku akijistaajabia.

"Nimesema hivyo mimi?"

"Umesema."

"Halafu watu wananiambia niache! Hili jani lina akili kuliko mwalimu."

Mama Pacha hakubisha. Mara ya kwanza alifanya hivyo kwa huruma. Solo alikuwa amekaa muda mrefu bila wimbo mpya, na mtunzi aliyekaukiwa ni mzito kuishi naye chumba kimoja. Mama Pacha aliona uongo mdogo ni nafuu kuliko ugomvi mkubwa. Lakini uongo hauna likizo. Nyimbo zilipigwa redioni, na mtangazaji akamtaja Solo kuwa mtunzi. Solo akamwambia kila mtu kinachompa nyimbo. Kadiri zilivyosifiwa, ndivyo alivyozidi kuvuta.

Siku moja Kiongozi wa bendi alikuja kupimwa shati. Yeye alipiga gitaa la besi.

"Shemeji," alisema, mikono ameinyoosha apimwe, "mumeo ananichosha. Jana tumefika pahali pake pa kuingia, yeye anatazama dari. Anaingia, sisi tumeshatoka. Bendi nzima tukagongana kama sufuria kwenye gunia. Nikimwambia, anasema mimi ndiye ninayekimbia."

"Mvumilie, shemeji."

"Nimemvumilia kwa ajili ya nyimbo zake. Lakini mtunzi asiyeweza kuupiga wimbo wake mwenyewe wa nini? Nimeshaongea na mpiga solo mwingine. Shati la mumeo usilikate kwanza."

Mama Pacha alimaliza kupima. Kiongozi alipoondoka, alimwita jirani yake wa chumba cha pili. Huyo alikuwa nesi katika kliniki ya watu walionaswa na dawa za kulevya, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni.

"Nesi, ni kweli bangi inampa mtu nyimbo?"

"Nani kasema?"

"Wanamuziki wote."

"Wanamuziki wote wanaovuta," Nesi alisahihisha. "Wasiovuta na wana nyimbo wako wengi. Hao hawaulizwi."

Alivuta kigoda, akakaa.

"Jambo hili limewahi kupimwa. Watu walipewa kazi ya kubuni vitu. Wengine walikuwa wamevuta, wengine hawakuvuta. Waliovuta waliona wamebuni vizuri sana. Lakini waamuzi, ambao hawakujua nani kavuta, hawakuiona tofauti hiyo. Katika jaribio jingine, waliopewa bangi kali walibuni vibaya kuliko wenzao."

"Lakini anafurahi mno anapoimba."

"Furaha ni ya kweli. Ndiyo inayomdanganya. Kila mtunzi ana sikio la ndani linalomwambia: hiki kibaya, kitupe. Bangi hulilaza sikio hilo. Hapo kila kitu kinakuwa kizuri. Wimbo haujaongezeka. Mkaguzi ndiye aliyelala."

"Na kuchelewa kuingia?"

"Bangi huvuruga kumbukumbu ya mambo ya sasa hivi. Huvuruga pia hisia ya wakati, na dakika inakuwa ndefu. Mwanamuziki bila wakati ana nini? Akizoea kuvuta kila siku, hata kuacha kunakuwa kazi. Wachache huanza kusikia sauti zisizokuwepo na kuwaogopa watu ambao hawajawafanyia kitu. Ni nani atakayepatwa, hatuwezi kujua mapema."

Mama Pacha alikata uzi kwa meno. "Lakini nyimbo zipo, Nesi. Redio inazipiga."

Nesi alimtazama sana.

"Mama Pacha, mimi nakaa upande wa pili wa ukuta. Nasikia cherehani inaposimama, na namsikia anayeimba ikishasimama. Kazi unafanya wewe, mshahara unampa moshi."

Tangu siku hiyo Mama Pacha hakuongeza kitu. Solo alipoamka na kuuliza, alimjibu kama ilivyokuwa.

"Uliimba, 'Mwezi ni wangu.' Ukacheka. Ukaimba tena. Ukalala."

"Na beti?"

"Hakuna beti."

"Hukusikiliza vizuri wewe."

Solo akavuta zaidi. Nyimbo hazikuja. Akamlaumu muuzaji kwamba siku hizi anauza majani ya kulishia mbuzi. Akailaumu cherehani kwamba kelele zake zinafukuza wimbo. Jambo moja tu hakulilaumu.

Wiki iliyofuata Mama Pacha alipeleka mashati kwenye ukumbi wa mazoezi. Alikuta bendi imekwama. Wimbo mpya ulikosa ubeti wa mwisho.

"Nipeni nafasi kidogo," Solo alisema, akaliegemeza gitaa ukutani. "Nakwenda kuutafuta."

Kila mtu alijua anakwenda kuutafuta wapi. Alitoka. Kiongozi akapumua kwa nguvu.

"Wimbo unahusu nini, shemeji?" Mama Pacha aliuliza.

"Mtu amejenga nyumba nzuri, ameingia, hana wa kuishi naye."

"Nipigieni kibwagizo."

Walimpigia. Aliweka furushi chini, akafumba macho, akaimba:

"Mlango nimeununua, na kufuli zake mbili,
Funguo zote ninazo, wa kubisha hayupo.
Nabisha niko nje, naitika niko ndani,
Karibu, bwana, karibu, mwenyeji wako ni wewe."

Mpiga ngoma alishusha vijiti.

"Huu umeutoa wapi?" Kiongozi aliuliza.

"Hapahapa. Sasa hivi."

"Na zile za redioni?"

Mama Pacha aliinamia furushi la mashati. "Mstari wa kwanza ulikuwa wake," alisema.

Solo alikuwa amesimama mlangoni, harufu ya moshi imemtangulia. Alikuwa amesikia. Mpiga ngoma akaangua kicheko.

"Jamani! Kumbe bangi ya Solo inavaa gauni!"

Wote walicheka, isipokuwa wawili. Solo aliondoka bila gitaa lake.

Nyumbani alimngoja mkewe barazani.

"Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nimekuvisha miaka yote hiyo," Mama Pacha alijibu. "Hata siku moja hukuuliza nguo imetoka wapi."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeniamini mimi au ungeliamini jani?"

Solo aliingia ndani. Siku kadhaa hawakusemeshana, na mapacha walipeleka maneno kutoka kwa huyu kwenda kwa yule kama matarishi. Kiongozi alimchukua yule mpiga solo mwingine. Asubuhi moja, kabla hajavuta, Solo alikwenda kulichukua gitaa lake. Alisimama nje ya ukumbi akasikia sehemu yake ikipigwa na mtu mwingine. Ilipigwa vizuri. Ilipigwa kwa wakati. Aligeuka, akaenda moja kwa moja kugonga mlango wa Nesi.

"Nataka kuacha," alisema.

"Njoo kliniki kesho. Lakini nakwambia mapema. Usingizi utakuwa mbaya. Utakuwa na hasira, na chakula hutakitamani. Wengi hupata nafuu baada ya wiki chache. Usijifiche ukizidiwa, na usiende wanakovutia wenzako."

Ilikuwa kama alivyosema. Solo alipiga kigoda teke kikavunjika mguu, akakaa kukitengeneza huku analia kwa hasira. Hakwenda kwa wenzake. Alikwenda kliniki kila alipopangiwa. Taratibu akaanza kulala, halafu akaanza kula. Kisha akalichukua gitaa lake ukumbini, akaanza kujifua. Kiongozi alimsikia akipiga, akamrudisha. Lakini nafasi ya solo ilikuwa na mwenyewe. Alipewa gitaa la pili, la kushikilia mapigo. Jina la Solo likabaki, na sasa liliuma.

Alijaribu pia kutunga. Alikaa mchana, akili timamu, akatafuta maneno. Nyimbo zake zilikuwa za kawaida, na safari hii alizisikia kuwa ni za kawaida. Nesi hakuwahi kumwahidi kwamba akiacha atakuwa mtunzi. Bangi haikuwa imempa kipaji, na kuiacha hakukumpa. Kulimrudishia masikio, basi. Nyimbo mpya za bendi zikawa za Mama Pacha, kwa jina lake. Zile za zamani ziliendelea kupigwa redioni kwa jina la mumewe, na Solo hakufungua mdomo kusahihisha.

Baadaye alikuja mpiga kinanda mpya. Siku yake ya pili, wakati wa mapumziko, alimsogelea Solo.

"Kaka, nasikia ule wimbo wako wa redioni uliutunga ukiwa umeshiba moshi. Mimi nimekwama na wimbo wangu. Nikivuta kidogo tu, si utafunguka?"

Mama Pacha alikuwa upande wa pili akiwafundisha waimbaji sauti zao. Aliwaashiria waimbaji wasubiri. Bendi nzima iligeuka.

Solo aliangalia sakafu.

"Sikuutunga mimi," alisema. "Na bangi haikuutunga. Aliutunga mama yule pale, hajavuta chochote, anashona sare za shule. Mimi nilikuwa nimelala."

Mpiga kinanda alicheka, akidhani ni utani. Aliona hakuna anayecheka naye.

"Kwa hiyo nisivute?"

"Usianze. Kaa na wimbo wako. Ukiwa mbaya, angalau utajua."

Mama Pacha alikuwa ameyangoja maneno hayo kwa miaka. Alidhani yakija atafurahi. Sasa yalikuwa yamekuja, na alichokiona mbele yake ni mtu mzima akitoa mbele ya watu kitu cha mwisho alichobaki nacho. Hakumshukuru. Hakumsuta pia.

"Tuendelee," aliwaambia waimbaji. "Kutoka mwanzo."