Ngurumo na Uzi wa Sisimizi

Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga pedeli ya cherehani, fundi Ngurumo alivua kofia na kuweka kiganja juu ya kitambaa cha kwanza. Sala yake ilikuwa fupi. "Bwana, mikono hii ni yako. Usiniache niharibu nguo ya mtu." Kisha alivaa kofia, akachukua futi yake ya shingoni, akapima. Hakukata kitambaa kabla ya kupima mara mbili.

Jina lake la kuzaliwa watu wengi walikuwa wamelisahau. Walimwita Ngurumo kwa sababu ya sauti yake. Katika kwaya ya kanisa aliimba sauti ya nne, ile ya chini kabisa. Alipoishusha, vioo vya madirisha vilitetemeka, na akina mama wa sauti ya kwanza walicheka chini kwa chini.

Nyumbani aliishi na mkewe na mjukuu wao wa kike. Mtoto huyo alikuwa bado hajaanza shule. Aliitwa Sisimizi kwa kuwa alikuwa mdogo na hakutulia. Kazi yake ilikuwa kutembeza sumaku sakafuni, chini ya cherehani, na kuokota pini zilizodondoka.

"Babu, leo nimepata pini nyingi!"

"Zihesabu."

"Najua mpaka kumi tu."

"Basi hesabu kumi, halafu anza tena. Hata wenye fedha zao huhesabu hivyo hivyo."

Ukutani, kwenye msumari, ulining'inia uzi mnene mwekundu. Ulikuwa uzi wa Sisimizi. Kila Ngurumo alipomshonea gauni jipya, aliuzungusha uzi huo kifuani mwa mtoto na kufunga fundo pale ulipokutana. Kila fundo lilikaa mbele ya lile lililotangulia. Mzee huyo aliupenda uzi ule kuliko picha zote za ukutani.

Basi, wakati mmoja Ngurumo aliugua. Alikohoa mfululizo. Usiku alilowa jasho, na mwili wake ulikonda. Alipopimwa zahanati, alikutwa na kifua kikuu. Alipewa dawa na kuambiwa azimeze kila siku kwa muda wa miezi sita. Kanisa nalo lilimwombea. Baada ya majuma machache kikohozi kilikoma, na chakula kikawa na ladha tena.

Jumapili moja alisimama mbele ya waumini, kifua mbele. "Bwana ameniponya!" alinguruma. Kanisa zima lilishangilia. Machozi yalimtoka mkewe.

Tangu siku hiyo Ngurumo hakumeza tena dawa. Alizificha ndani ya kopo la vifungo. Aliwaza moyoni, "Nimeshasema nimepona. Nikimeza tena, nitakuwa nimemwambia Mungu kwamba hakutosha." Zahanati ilipompigia simu, alijibu kwamba amesafiri.

Kikohozi kilirudi taratibu, kama mdai asiyebisha hodi. Ngurumo alisingizia vumbi la vitambaa.

Siku za mazoezi, kwaya ilikusanyika katika chumba kidogo nyuma ya kanisa. Mwalimu wa kwaya, mzee mwenye fimbo nyembamba ya kuongozea, alikuwa na desturi yake. Kabla ya wimbo wa kwanza alifunga madirisha yote.

"Sauti ni kama mvuke," alisema. "Ukiiachia upenyo, inatoroka."

Mwimbaji mpya wa sauti ya pili alikuwa muuguzi, aliyehamia mtaa huo karibuni na kupangiwa kazi kwenye zahanati. Alifungua dirisha moja. Mwalimu akalifunga. Muuguzi akalifungua tena.

"Dada, wewe ni wa sauti ya pili au ni fundi wa madirisha?" mwalimu aliuliza. Watu walicheka.

"Mwalimu, humu tunavuta hewa ambayo wenzetu wameshaitumia," muuguzi alijibu. Naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwa Ngurumo, aliyekuwa anakohoa ndani ya kiganja.

Kanisa lilikuwa linajiandaa kwa ibada kubwa ya shukrani, na Ngurumo alitaka Sisimizi avae gauni jipya. Alimwita.

"Njoo, bibi mdogo. Tufunge fundo."

Sisimizi alikuja polepole. Siku hizo sumaku yake ililala tu sakafuni, na yeye alilala juu ya marobota ya vitambaa, mchana kweupe. Ngurumo aliuzungusha uzi mwekundu kifuani mwake. Akatazama. Akaondoa uzi, akaunyoosha, akauzungusha tena.

Mahali pa fundo jipya palikuwa nyuma ya fundo la zamani.

Alikuwa amepima maelfu ya miili katika maisha yake. Alijua kwamba mtoto huongezeka. Huyu alikuwa amepungua.

"Babu, mbona hufungi?"

Ngurumo alitaka kujibu, lakini kikohozi kilimshika. Sisimizi naye akakohoa. Kikohozi chake kilikuwa kidogo na kikavu, lakini babu yake alikitambua mara moja.

"Mke wangu!" aliita. "Niletee lile kopo la vifungo."

Mkewe alilileta, akalifungua, akaona dawa.

"Kumbe hukuzimaliza."

"Sikuzimaliza."

"Na zahanati uliwaambia umesafiri. Ulisafiri kutoka wapi kwenda wapi? Kutoka kwenye cherehani mpaka kitandani?"

Ngurumo aliinamisha kichwa. Mkewe alimtazama mume huyo aliyempenda kwa miaka mingi, akajifunga kanga yake vizuri, akaenda kumwita muuguzi.

Muuguzi alipofika, aliomba mlango na madirisha yafunguliwe kwanza. Alimsikiliza Ngurumo mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mwanangu," Ngurumo alimalizia, "mimi nilimwamini Mungu. Je, nilikosa?"

"Hapana, baba. Kwa kumwamini Mungu hukukosa. Naomba nikuulize jambo. Asubuhi unaomba kabla ya kushona?"

"Kila siku."

"Na baada ya kuomba, unapima kitambaa au unakata kwa imani?"

Ngurumo alitabasamu bila kutaka. "Nikikata kwa imani, suruali ya mtu itatoka na mguu mmoja."

"Na kupima huko ni kumdharau Mungu?"

"La hasha. Ni kuiheshimu kazi aliyonipa."

"Nami ndivyo ninavyoomba kabla ya kutazama makohozi kwenye hadubini, ile mashine ya kukuza vitu vidogo. Baba, kifua kikuu huletwa na bakteria. Ni vijidudu ambavyo macho hayavioni. Mgonjwa wa mapafu asiyetibiwa akikohoa, akisema, hata akiimba, vijidudu hutoka na kuelea hewani. Chumba kikiwa kimefungwa, vinakaa humo. Mwingine anavivuta."

"Ndiyo maana mimi nilitenga kikombe cha mume wangu tangu mwanzo," mkewe alidakia.

"Mrudishie kikombe chake, mama. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe, wala kwa sahani, wala kwa kushikana mikono. Njia yake ni hewa."

"Lakini nilikuwa nimepona!" Ngurumo alisema. "Nilikuwa na nguvu kama ng'ombe."

"Dawa huua vijidudu vingi mapema, na mwili unapata nafuu. Vichache vyenye ukaidi hubaki vimejificha. Hivyo ndivyo vinavyohitaji miezi yote. Ukiacha njiani, vinaongezeka tena, na vingine hujifunza kuishinda dawa. Hapo matibabu huwa magumu zaidi."

Ngurumo aliutazama ule uzi mwekundu. "Basi nilikata uzi kabla ya kufunga fundo," alisema polepole. "Mshono wowote ungefumuka."

Mkewe aliuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini jambo hili limfike mtoto asiye na kosa?"

"Sijui, mama. Hadubini haijibu swali hilo. Inanionyesha kijidudu, basi. Haiwezi hata kuniambia kwamba Sisimizi ana thamani. Hilo nimelijua kwa Yule aliyemuumba, aliyetuagiza tumpende jirani. Lakini nikijua thamani yake, halafu nisijali kujua ugonjwa unavyosafiri, nitamkoholea usoni huku nampenda."

Ngurumo alivua kofia.

"Twendeni zahanati," alisema. "Wote watatu. Sasa hivi."

Mkewe hakuwa na ugonjwa. Sisimizi alikutwa na kifua kikuu kilichokuwa kinaanza, naye akapewa dawa za watoto. Makohozi ya Ngurumo yalipimwa pia ili kujua kama dawa za kawaida zingali zinamfaa. Jibu lilipotoka kwamba zinamfaa, alimshukuru Mungu, akameza vidonge vyake papo hapo mbele ya muuguzi. Siku iliyofuata alitoka msalani amekasirika.

"Mkojo umekuwa rangi ya machungwa!"

"Ni dawa tu, haina neno," mkewe alijibu, kwa maana alikuwa amesikiliza maelezo vizuri. "Sasa hutaweza kunidanganya tena. Nitakagua."

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko vidonge. Siku ya mazoezi Ngurumo alikwenda kanisani, lakini hakuingia. Alisimama uani, mbali kidogo na dirisha la chumba cha kwaya, amejifunika mdomo na pua kwa barakoa. Aligonga ukuta kwa fimbo ndefu aliyoiokota. Mwalimu alifungua dirisha, na waimbaji wakasogea kutazama.

"Ndugu zangu," Ngurumo alisema, "nilitoa ushuhuda kabla ya wakati wake. Maombi yenu Mungu aliyasikia. Alinipa dawa, nami nikaificha kwenye vifungo. Nimekohoa kati yenu, na mjukuu wangu anaumwa. Nisameheni. Nawaomba nyote mkapimwe, hata asiyekohoa."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa kwaya aliitazama fimbo yake nyembamba, akatazama madirisha. Kisha alilifungua la pili, na la tatu, yakabaki wazi yote.

"Mimi ndiye niliyeyafunga," alisema. "Kesho asubuhi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni ya zahanati. Na wewe, Ngurumo, usidhani umepata likizo. Simama hapo hapo ulipo. Ukurasa ule ule. Sauti ya nne, tayari!"

Hivyo kwaya iliimba chumbani, na sauti ya nne ikatoka uani. Wapita njia walisimama barabarani kusikiliza. Ilionekana kwamba sauti inayotoroka dirishani huenda mahali pema.

Majuma yalipopita na vipimo vikaonyesha kwamba hawezi tena kuambukiza, muuguzi alimpungia mkono kutoka dirishani. Ngurumo alizunguka, akaingia kwa mlango. Waimbaji wawili waliokutwa na ugonjwa walikuwa tayari wameanza dawa. Hakuna aliyewanyanyapaa, kwa kuwa mwenye aibu kubwa alikuwa amekwisha kuzungumza kwanza.

Ngurumo alimeza dawa mpaka kidonge cha mwisho, na Sisimizi akazimaliza zake. Asubuhi ya ibada ya shukrani, iliyokuwa imesogezwa mbele, babu aliushusha uzi kutoka kwenye msumari.

"Njoo, bibi mdogo."

Sisimizi alikuja mbio, sumaku mkononi, pini zimesimama juu yake kama miba ya nungunungu. Uzi ulizunguka kifua chake, ukapita fundo la zamani kwa upana wa kidole. Ngurumo alipima mara ya pili, kama ilivyokuwa desturi yake. Kisha akafunga fundo, akalikaza sana.

Kanisani alisimama mbele ya waumini akiwa na uzi ule mkononi. Safari hii hakunguruma.

"Bwana ameniponya," alisema. "Na mimi nimemaliza dawa."

"Na mimi pia!" Sisimizi alipaza sauti kutoka benchi la mbele.

Kanisa liliangua kicheko. Mwalimu wa kwaya aliinua fimbo yake. Kabla ya kuishusha, aligeuza kichwa kulia na kushoto, akahakikisha kwamba madirisha yote yako wazi.