Hatua Nne Kutoka Kitandani

Zahanati yenyewe siitaji jina. Iko upande wa Nemba, wilayani Biharamulo, na wenyewe wakisikia habari hii watajijua, tena wajijue vizuri. Mambo yalianza kwa tiki kufutika.

Kwenye chumba cha kujifungulia palikuwa na kabati la chuma, kabati la dharura, na mlangoni pake imebandikwa karatasi ya visanduku saba. Kila siku nesi alitakiwa afungue, akague vifaa, avijaribu kimoja kimoja, ndipo aweke tiki. Pale kwao walikuwa na mtindo wao. Jumatatu asubuhi, kwa kalamu moja, tiki saba za wiki nzima, na kabati limelala na kufuli lake wala hakuna aliyeligusa.

Jumatatu hiyo Nesi Deodata alijaza kama kawaida, akaenda kunywa chai. Aliporudi, tiki ya Alhamisi haikuwepo. Karatasi ilikuwa imelowa pale pale, alama ndogo ya mviringo kama ya mdomo, nayo ilinuka maji ya uzazi. Akaweka nyingine. Saa sita ikawa imefutika tena.

Saa nane mchana, jua likiwaka na kina mama wakipanga foleni ya kliniki nje, akasikia ndani ya kabati: fuuu. Kimya. Fuuu. Kimya. Sauti ile aliijua. Ni ya mfuko wa kumpulizia kichanga hewa, ule wenye kibarakoa kidogo cha mpira, nesi anapoubonya kwa vidole. Happy, mhudumu wa usafi, aliweka ndoo chini taratibu, akatoka.

Deodata hakutoka. Alijua ni nani.

Miezi mitatu nyuma, mwanamke anayeitwa Claudia alijifungulia kwenye kitanda kile. Mtoto alitoka amechoka, halii, hapumui. Kabati lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Venance, mganga mfawidhi, aliyekuwa mjini kwenye semina. Semina ya nini? Ya kujiandaa na dharura. Ndiyo, cheka kama una moyo huo. Deodata alimpulizia mtoto kwa mdomo wake mpaka kizunguzungu kikamshika, na mtoto akaondoka zake. Claudia aliuliza swali moja tu, akiitazama ile karatasi: si mmeandika vipo? Venance aliporudi akasema ni kazi ya Mungu. Watu wakimaliza kuzembea wanamtwisha Mungu mzigo, hawaoni hata haya. Na tiki ya siku ile ilikuwa ya mkono wa Deodata mwenyewe, jambo alilolala nalo kila siku na hakumwambia mtu.

Sasa Alhamisi imefutika, na wifi yake Agness, mke wa kaka yake, ana tumbo la kujifungua wiki hiyo hiyo.

Alikwenda kuomba ufunguo. Venance akamjibu kwamba vifaa vile ni vya kuonyesha wakaguzi, vikitumika vinachakaa, vikiachwa wazi vinapotea, na yeye ndiye atakayeulizwa. Lakini Jumanne naye aliisikia ile pumzi akiwa peke yake, na Jumatano akamleta Mzee Habibu kutoka Biharamulo mjini, mzee wa watu wa maduka ambao babu zao walitoka pwani, anayejulikana kwa kutoa majini.

Mzee alipokea shikamoo zao, akafukiza ubani, akaanza kusoma. Kadiri alivyosoma ndivyo pumzi ilivyoharakisha, fuuu, fuuu, fuuu, na harufu ya maji ya uzazi ikapanda ikaufunika ubani, na mlango wa chuma ukawa unavimba na kunywea, unavimba na kunywea, kama kifua cha kitu kidogo kinachohangaika, na Happy aliyekuwa amesimama karibu na dirisha akaanza kuvuta hewa na kuikosa, akivuta na kuikosa, midomo ikigeuka rangi, mpaka ikamtoka sauti nyembamba isiyo yake, ikisema neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa: "Fungueni."

Mzee akaacha kusoma, na Happy akapata hewa. Akamgeukia Venance. "Umesikia. Fungua."

"Ufunguo nimeuacha nyumbani," Venance akanong'ona. Mfukoni uliligonga sanduku la kiberiti, kila mtu akausikia.

"Mimi nafukuza majini," Mzee Habibu akasema, akikusanya chetezo chake. "Huyu hana ubaya na mtu. Anadai haki yake. Wewe ndiye wa kufukuzwa, na dawa yako sina." Akaondoka bila kupokea hata chai.

Alhamisi, saa tano asubuhi, pikipiki ikamshusha Agness, uchungu umeshika. Venance alikuwa ameondoka mapema. Aliacha neno kwamba amekwenda Biharamulo kupeleka ripoti, na ufunguo amekwenda nao. Deodata alipoambiwa hivyo hasira ilimpanda, akavaa glovu.

Mtoto akatoka saa sita kasoro. Wa kike, wa bluu, amelegea kama kitambaa kilicholowa. Akamkausha, akamsugua mgongo. Kimya. Nesi yeyote anajua hapo una dakika moja, na kabatini pumzi ilikuwa inakwenda mbio, fuuu, fuuu, fuuu, Agness akiuliza kwa sauti ya chini, wifi, mbona halii, wifi, mbona halii.

"Happy, shoka."

Shoka lilikuwa jikoni kwa wasindikizaji, la kupasulia kuni. Siku ya Claudia pia lilikuwepo, pale pale, na Deodata hakuligusa kwa sababu aliogopa kuulizwa nani kavunja. Alipiga mara tatu. Kufuli likaruka.

Ndani, rafu ya juu, mfuko wa hewa ulikuwa ndani ya nailoni yake ya dukani, haujafunguliwa hata siku moja, vumbi la miaka juu yake. Mpya. Na nailoni ilikuwa imefanya ukungu kwa ndani, matone yakiteleza, mithili ya kitu kilichokuwa kikipumua humo siku zote. Akaichana kwa meno. Hewa iliyompiga usoni ilikuwa ya moto. Akaweka kibarakoa, akabonya. Kifua kidogo kikapanda. Akabonya tena. Kwenye pumzi ya ishirini na kitu mtoto wa Agness akakunja uso, akalia.

Venance aliporudi jioni alitazama kufuli lililovunjika, akauliza nani ameharibu mali ya serikali. Hakuuliza habari za mtoto. Ijumaa akafunga kufuli jipya, kubwa kuliko la kwanza, mfuko ukiwa ndani.

Jumamosi Deodata alitembea mpaka kwa Claudia, akamkuta anapalilia migomba, akamwambia ukweli wote. Kwamba kifaa kilikuwepo. Kwamba kilikuwa kizima.

Claudia alilaza jembe chini. "Kilikuwa mbali kiasi gani?"

"Hatua nne."

Jumatatu Claudia alikuja mwenyewe. Akaingia chumba cha kujifungulia bila hodi, mbele ya Venance na mbele ya kina mama wa kliniki waliojaa mlangoni. Akasimama kando ya kile kitanda, akatembea, akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne. Akaweka kiganja kwenye mlango wa kabati. Pumzi iliyokuwa imerudi ndani tangu Ijumaa ikatulia, kama mtoto anapomsikia mama yake.

"Fungua," alimwambia Venance. "Mwanangu anawasubiri."

Alifungua. Tundu alilikosea mara mbili. Claudia akalichukua lile kufuli, akalifunga kwenye pindo la kitenge chake, akaenda nalo nyumbani, na hakuna aliyethubutu kulidai.

Kabati halijafungwa tena tangu siku hiyo. Kila asubuhi Deodata hubonya ule mfuko kwenye kiganja chake, akaisikia hewa, ndipo akaweka tiki moja, ya siku moja. Ila wapo wageni wanaohamishiwa pale, na wapo wavivu. Nesi akiweka tiki bila kufungua, akirudi kutoka chai anakuta karatasi imelowa.