Usiku Mmoja Siena

Ijumaa jioni pale kwenye stendi ya Warwick Junction, kusini kabisa mwa Afrika, kila mtu ana haraka, na Cyrus alikuwa na haraka kuliko wote. Ndiyo maana hakuuona mfuko wa nywele za bandia kando ya njia, akaukanyaga kwa kiatu chake chote.

"Huyu papa hana macho kabisa," msichana mmoja alimlalamikia mwenzake, akidhani ugenini hapo hakuna anayejua Kiswahili.

"Macho ninayo, dada," Cyrus alijibu. "Ni vile sikuangalia chini. Pole."

Msichana akaziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa mrefu, kitenge cha rangi ya chungwa kimemkaa vizuri kiunoni, kitana kimechomekwa kwenye nywele. Jina lake Médiatrice, kwa kifupi Médi, mkimbizi kutoka Bukavu, msusi katika saluni moja ndogo ya Greyville. Cyrus alikuwa Mkenya, Mkisii, anasomea uhandisi wa maji chuoni, kijana wa kupanga kila jambo mapema. Siku hiyo alipanga kuwahi teksi ya kwanza. Alipanda ya mwisho, na namba ya simu ya saluni mfukoni.

Mwaka uliofuata, 1999, Cyrus alialikwa kwenye mkutano Torino. Akatazama ramani ya Italia, na akili yake ikaruka moja kwa moja mpaka Siena. Huko ndiko alikoishi Sista Marie-Louise, mtawa, dada mkubwa wa Médi na ndugu pekee aliyembakia baada ya vita vya kwao. Mtu akitaka kumwoa Médi, posa angeipeleka wapi kwingine?

Jumapili waliikunjua ramani kitandani kwa Médi.

"Tunashuka Firenze, tunapanda basi," Cyrus alisema. "Jioni tunatembea kwenye ule uwanja wao wa matofali, umeinama kama sahani. Tunalala usiku mmoja, asubuhi tunaenda kwa dada."

"Na ng'ombe za Wakisii utazifunga wapi, chéri wangu? Ku mulango ya kanisa?"

"Masista watazichunga. Si wana nafasi?"

"Na tutalala wapi?"

"Vyumba viwili. Mimi ni Msabato, usisahau."

"Eish. Usiku moja Italia, na unanilaza peke yangu."

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Médi alitaka kujua atavaa nini, baridi ya Machi huko iko namna gani, chakula chao kina pilipili au hakina. Cyrus alijibu yote, kisha akasema, "Basi kesho niletee pasipoti yako, niipeleke kwa wakala wa tiketi."

Kicheko cha Médi kikakatika. "Kesho," alisema.

Kesho hiyo haikufika. Cyrus alipopiga simu saluni, Coletha, msusi mwenzake Médi, alisema Médi ametoka, na nyuma ya sauti ya Coletha alimsikia Médi mwenyewe akikohoa. Mwanaume akikosa jibu hujitungia lake, tena hujitungia baya. Cyrus aliamua kwamba Médi anaona haya kumpeleka Msabato mbele ya dada mtawa.

Alhamisi aliingia saluni, shati limepigwa pasi, macho mekundu. Hakujali wateja.

"Niambie tu ukweli, Médi. Unaona aibu juu yangu?"

"Aibu?" Médi aliweka kitana chini. "Cyrus, pasipoti yangu ni ya Zaire. Ile inchi haiko tena. Na karatasi yangu ya mukimbizi inasema nikae hapa, haisemi nitoke. Nikivuka mupaka, kurudi hakuna."

Cyrus alikuwa na pasipoti tangu alipoanza chuo, na siku zote alidhani kila mtu anayo, ni kuikumbuka tu ilipo.

"Mbona basi ukaniacha nipange yote yale?"

"Ilikuwa tamu," alisema Médi, na sasa analia. "Ulikuwa unanipeleka kabisa. Uwanja niliuona. Baridi niliisikia. Ningesema, ungeacha."

Cyrus aliketi kwenye kiti cha wateja. Angeweza kukuambia mji mzima utapataje maji, lakini kumvusha mpenzi wake uwanja wa ndege hakuweza, na moyo ulimuuma kwa hilo.

"Basi nami siendi."

"Utaenda. Nani mwingine ataniomba kwa yaya, dada yangu?"

Wakapanga upya, safari hii ya mtu mmoja, na haikuwachekesha.

Jumamosi ambayo Cyrus aliahidi kupiga simu kutoka Siena, Médi alikaa katika duka la simu la Ildephonse, amevaa kitenge kile kile cha chungwa. Simu ikalia.

"Médi, ni miye, yaya."

Hawakuwa wamesikiana sauti tangu vita, ni barua tu. Walilia kwanza. Kisha Sista akakaza sauti.

"Huyu kijana ni wako, nimeona. Lakini anajisemea yeye mwenyewe. Tangu lini kwetu mwanaume anakuja kuomba bibi peke yake, sawa mwizi? Wakubwa wake wako wapi?"

Wakubwa wake walikuwa Kisii. Cyrus alitegemea tangu mwanzo kwamba Médi atakuwa kando yake, na msemaji hakumfikiria hata kidogo.

Médi alitazama watu waliopanga foleni nyuma yake. "Miye namusemea, yaya."

"Weye? Bibi-arusi anajiombea posa?"

"Hakuna mwingine."

"Basi ongea," dada alisema.

Médi alisimama, akaweka kitenge sawa, akasema mbele ya wageni wote wale: "Yaya, tumekuja kuomba binti yenu wa mwisho. Kijana wetu anapanga mambo sana, anakasirika mbio. Lakini anamupenda, na hana uongo."

Sista alicheka huku analia. "Namutoa. Lakini Médi, weye nitakuona lini?"

Dada alisubiri, akasubiri tena, mwishowe akampa Cyrus simu.

"Médi? Bado uko hapo?"

"Niko," alisema Médi. "Nitaenda wapi?"