Kitufe cha Rangi ya Ukuta

Waligongana mlangoni mwa lifti, asubuhi watu wakisukumana. Chupa za jamaa zikamwagika kwenye gauni la manjano la binti.

"Pole, dada. Ni maji tu."

"Maji ya wapi?"

"Ya mtaani kwetu, bondeni. Usiyalambe."

Akacheka. Hakujua kwamba jamaa hatanii.

Binti alikuwa mbunifu wa dashibodi, zile takwimu za usafi wa maji zinazowaka ukutani kwa wakubwa wa maji na kwenye simu za wananchi. Jamaa alikuwa mpima uchafu wa maji. Aliposikia kwamba mwenzake anapendezesha vichujio, vitufe vya kuchagua mtaa upi uonekane, aliuliza, "Vya chai?" Tangu hapo wakaitana Bi Vitufe na Chupa, na mapenzi yakakolea.

Ndipo mkuu wa kazini alipomwita Bi Vitufe.

"Binti, kichujio cha mitaa kinapiga kelele. Kipake kijivu juu ya kijivu. Na bondeni pasiwe na tiki, pasionekane. Hatufuti kitu, ni muonekano tu."

Akapaka. Zamani walichoma mafaili. Siku hizi wanapaka rangi, na brashi wanakushikisha wewe.

Juma la pili simu ikalia.

"Bi Vitufe, mtaa wetu umeenda wapi?"

"Upo, mpenzi. Bonyeza pembeni."

"Pembeni pana ukuta."

"Kuna kitufe hapo, cha kijivu..."

"Nani kakipaka?"

Akaanza kumtaja mkuu, Chupa akamkatiza.

"Mama amelazwa, tumbo. Na majirani wanne." Simu ikakatwa.

Siku tatu Bi Vitufe alipiga, hakupokelewa. Siku ya nne, kikao cha wakubwa, alivaa lile gauni la manjano. Mkuu hajamaliza kukohoa, akabonyeza: kichujio kikavimba, chekundu kama kidonda, tiki ikatua bondeni. Ukuta mzima ukawiva.

"Nani kakuruhusu?"

"Ni muonekano tu, mzee."

Askari wa lango walimtoa na kikombe chake mkononi. Penye lifti alisimama Chupa.

"Nimeona kwenye simu. Mtaa mzima umeona."

"Nisamehe."

"Nikishakuoa. Nikikusamehe leo utanitoroka."

"Mwendawazimu wewe! Mama yako atasema nini?"

"Ndiye aliyenituma, kabla hajazidiwa akanyamaza."

"Kanyamaza tangu lini?"

Simu ikatetemeka kiganjani mwa Chupa. Namba ya wodini. Vitufe viwili, kijani na chekundu, vikubwa, vinaonekana vizuri kabisa.

"Bonyeza wewe," alisema Chupa, akimpa simu. "Wewe ndiye fundi."