Mawaridi Sita

Soko la mji wa Plovdiv lilikuwa limefurika watu na pilipili hoho nyekundu pale miguu ya nyuma ya mbwa Barut ilipoishiwa nguvu katikati ya njia. Zornitsa, na gauni lake la kijani alilolipiga pasi asubuhi ile, akapiga magoti kwenye matope bila kujali. Tangu mama yake afariki, mbwa huyo mkubwa ndiye aliyebaki naye nyumbani, na kila mtu alimwambia udhaifu wa miguu ile ni uzee tu.

"Dada, hebu nimwone." Kijana mrefu mwenye shati lililokunjamana akabonyeza mgongo wa Barut karibu na mkia. Mbwa akalia. "Huu si uzee. Mishipa ya fahamu imebanwa hapa mwisho wa uti wa mgongo. Anaweza kupasuliwa."

"Na wewe ni nani, mganga wa sokoni?"

"Daktari wa mifugo. Naitwa Tihomir. Hapa nimefuata hoho."

Zornitsa akacheka huku machozi yakimlengalenga.

Simu zikaanza. Walianzia kwenye dawa za maumivu, na haikupita wiki mbili wakawa wanaitana mpenzi. Kisha Barut akapasuliwa, akalazwa kwenye kliniki ya Tihomir. "Asiposimama ndani ya siku tano, tusidanganyane, hatasimama tena," Tihomir alimwambia.

Siku ya tano asubuhi, mpeleka maua akagonga mlango: mawaridi kutoka kwa Tihomir. Zornitsa akayahesabu, akayahesabu tena. Sita! Maua ya idadi shufwa, mawili, manne, sita, hupelekwa makaburini, na hata mtoto wa Plovdiv analijua hilo. Akapiga simu.

"Mwoga wewe! Mbwa wangu kafa, unaniambia kwa maua?"

"Nani kafa? Zori, taratibu, mpenzi."

"Yako sita, Tiho!"

"Nilinunua saba! Niliyaacha kwenye kiti, kando ya kizimba cha Barut, mpaka mpeleka maua alipoyachukua... Mungu wangu. Kizimba kiko wazi."

Zornitsa akakandamiza simu sikioni. Akasikia kucha zikigonga sakafu, polepole, kisha Tihomir akicheka na kulia kwa pamoja.

"Ana waridi la saba mdomoni! Kalifuata kwa miguu yake mwenyewe, Zori!"

Zornitsa akakaa chini palepale mlangoni.

"Nilitaka nije nikwambie," Tihomir akasema, "kwamba hata asiposimama, tutambeba wawili."

"Na sasa kasimama."

"Basi sina tena kisingizio, niulize wazi. Utakubali nikuoe?"

"Mrudishe kizimbani kabla hajajiumiza," Zornitsa akasema, akitafuta viatu. "Nakubali, mjinga wewe. Nakuja."