Binti Yangu Alisema Nampiga kwa Waya

"Baba yangu ananipiga kwa waya."

Binti yangu alisema hivyo kwenye kipaza sauti, ukumbi umefurika, mimi nimekaa mstari wa pili na shati nimelipiga pasi mwenyewe.

Ndugu zangu mnaosoma, mtoto yule sijawahi kumgusa. Hata kibao.

Mtaani kwetu kuna kituo cha vijana. Wakitoka shule wanapita pale, wanacheza, wanaongea na mshauri yanayowasumbua. Anakiendesha dada yangu, tumbo moja. Siku hiyo walikuja wageni wa tathmini, kupima kama kituo kinasaidia watoto kweli au ni porojo.

"Na sasa unaendeleaje?" mgeni akamuuliza.

"Nina furaha. Kituo kimeniokoa."

Makofi... Mgeni mmoja akafuta machozi.

Mwenye bucha, mwenyekiti wa wazazi, akainuka kwenye kiti cha mbele akaninyooshea kidole.

"Mzee mzima, huoni haya? Mtoto hana mama, halafu unamchapa kama punda?"

Mimi ni fundi makochi. Kesho yake wateja wakaanza kufuata vitu vyao. Mama mmoja alibeba kochi limeshatolewa matumbo, sponji inaburuzika barabarani.

"Subiri basi nilivalishe kitambaa."

"Kwa mikono hiyo? Usiguse."

Nikaenda kwa dada.

"Umenizika nikiwa hai."

"Usikuze mambo, kaka. Wageni wanapima mtoto alikuwa wapi na sasa yuko wapi. Aliyekuja mzima akabaki mzima, watapima nini?"

"Ndiyo ukanipaka mimi matope?"

"Ningempaka baba wa nani? Wewe damu yangu, utasamehe."

Alisema hivyo huku anamenya chungwa.

Nikarudi nyumbani, nikamkalisha binti.

"Shangazi yako alikulazimisha?"

"Hapana, baba. Nilijitolea."

"Nimekukosea nini, mama?"

"Hujanikosea. Ile ni habari ya rafiki yangu. Baba yake hufungua redio sauti ya juu kwanza, ndipo ashike waya. Alimwambia mshauri, shangazi akaisikia, akataka mwenyewe aiseme mbele ya wageni bila kumtaja baba yake. Rafiki yangu akaanza kutetemeka. Angeisema, baba yake angemmaliza. Nikasema nitaisema mimi, kwa sababu nikirudi nyumbani wewe utaniuliza tu."

"Rafiki yako yupi?"

"Wa mwenye bucha."

Yule yule wa kiti cha mbele.

Sikungoja. Nilimshika binti mkono mpaka ofisi ya ustawi wa jamii. Afisa alinitazama kama kitu kilichonasa kwenye soli ya kiatu.

"Wewe si yule wa waya?"

"Anayepigwa ni mtoto wa mwenye bucha. Mkaangalieni mgongo wake."

"Siku ya wageni nasi tulikuwepo, tukamuuliza mtoto huyo mwenyewe ukumbini, baba yake yupo hapo hapo. Akasema yuko salama."

"Baba anasema kweli," binti akadakia. "Mimi nilidanganya. Baba hanipigi."

Afisa akacheka kidogo.

"Umemfundisha vizuri. Mmefanya mazoezi njiani, siyo?"

Akapiga simu kituoni. Akamsikiliza dada yangu, anaitikia tu, ndiyo, ndiyo... Akakata.

"Binti harudi kwako mpaka tuchunguze. Kituo kimetupendekezea nyumba yenye maadili."

"Ya nani?"

"Mwenyekiti wa wazazi."

Binti yangu hakulia. Aling'ang'ania mkono wa shati langu, afisa na wenzake wakambandua kidole kimoja kimoja.

Sikusoma sana, nasema ninavyojua. Ninyi mnaopima vituo vya watoto, ukimuuliza mtoto anaendeleaje mbele ya mtu anayemwogopa, hujapima kitu. Umemsaidia anayempiga.

Naandika haya nimekaa kibarazani, mkabala na nyumba ya mwenye bucha. Wapita njia wananitemea mate, wanasema nimekuja kumvizia mtoto.

Wateme. Taa ya chumba cha pembeni imewaka sasa hivi, na redio imefunguliwa sauti ya juu.

Navuka barabara.